Dakika Nne Jikoni kwa Kokubanza

Buganguzi, Muleba
Jumanne, 8 Oktoba 2024
Asubuhi: ukungu mpaka saa mbili, kisha mvua nyepesi. Kahawa haikuanikwa.

Mwanangu Wilbert,

Habari za Miembeni? Huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye mteremko tu, migomba imependeza, na Ma Immakulata, jirani yetu, anakusalimu. Salamu zimeisha. Sasa nina hasira, nawe utanisoma mpaka mwisho.

Ninatumia karatasi kwa sababu Jumapili nilikuandikia kwenye simu maneno mia mbili, ukanijibu kwa kipicha cha kidole gumba tu.

Yunus wa basi aliniletea jarida lako la Oktoba siku ya Jumamosi. Nimefungua ukurasa wa saba, ukurasa ambao kwa miaka miwili sasa unanipa niandike habari za filamu. Picha yangu ipo. Jina langu lipo: Na Alistidia Ildefons. Chini yake nasoma: "Filamu ya Siku Tatu za Kokubanza imesheheni mafunzo kemkem kwa jamii. Waigizaji wameuvaa uhusika. Picha ni angavu na sauti ni safi. Hongera kwa waandaaji."

Wilbert, hayo si maneno yangu. Hata moja. Hiyo "hongera" pia si yangu.

Mimi nilikuletea kurasa nne. Ninazo, kwa sababu kila ninachokutumia nanakili kwanza kwenye shajara. Hii hapa, tarehe 24 Agosti, siku filamu ilipoonyeshwa ukumbini kwetu:

"Kamera imekaa mlangoni mwa jiko kama jirani asiyejua aingie au aondoke. Kwa dakika nne, nilizipima kwa saa yangu, hakuna kinachosogea isipokuwa mikono ya Kokubanza ikimenya ndizi gizani. Mume wake amekufa usiku ule. Ukumbi ukanung'unika, kwa sababu kwetu mfiwa hashiki kisu, majirani ndio wanaomenya. Ma Immakulata akasema kwa sauti, 'Hawa watu wa mjini hawajui kitu!' Mimi nikasimama nikamwambia anyamaze. Kwa sababu alfajiri ya tarehe 3 Mei 2009, baba yangu akiwa bado amelazwa sebuleni, nilimkuta mama yangu peke yake jikoni anamenya ndizi za watu hamsini. Alinitazama mara moja akaendelea. Nikarudi nyuma nikafunga mlango. Sijamwambia mtu mpaka leo. Aliyetengeneza filamu hii anajua kitu tunachofichana."

Hayo ndiyo uliyoyatoa. Ukatoa na pale niliposema kwamba siku ya pili ya msiba jirani anaonekana nyuma ya nyumba akipalilia maharage! Jembe, Wilbert, na maiti haijatoka ndani. Nani huku anashika jembe kijijini kukiwa na maiti? Hapo ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka, na nikaandika kwamba jembe lile limemharibia mtu kazi ya mwaka mzima.

Jana nimepita kwa Kashaija, yule mwenye banda la video hapa njia panda. Akaniita mbele ya watu: "Ma Alistidia! Siku hizi umekuwa tangazo la sabuni?" Watu wakacheka. Gazeti alikuwa nalo mkononi.

Nataka moja kati ya mawili. Toleo la Novemba uchapishe niliyoandika, yote, au useme waziwazi kwamba yale ya Oktoba si yangu.

Ni mimi,
Shangazi yako Alistidia


Miembeni, Bukoba
13 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima, na pole kwa goti. Baba anakusalimu. Huku mvua ni za kila siku na umeme unakatika, nimeandika barua hii kwa kompyuta mara mbili.

Shangazi, sikukusudia kukuvunjia heshima. Naomba unielewe kwa utaratibu. Katika mafunzo ya uandishi niliyopata Mwanza tulifundishwa kwamba mhakiki hapaswi kuonekana. Msomaji anataka kujua filamu ikoje, hataki kujua mwandishi alisimama ukumbini akamnyamazisha jirani. Katika kurasa zako nne nilihesabu "mimi" kumi na saba. Pia mambo ya msiba wa babu ni ya familia. Baba angeyasoma gazetini angejisikiaje?

Na kuna jambo jingine ambalo nilitaka nikuambie ana kwa ana. Datius aliyetengeneza filamu ile ni kaka yake Esther, mchumba wangu. Unajua tarehe 30 Novemba tunakwenda Rubafu kujitambulisha kwao, na unajua bila wewe hakuna wa kuingia ndani kwa kina mama. Sasa twende vipi pale na jembe lile la maharage tumelitangaza mkoa mzima?

Nilichoandika ni sifa tu. Sifa haimuumizi mtu.

Mwanao,
Wilbert


Buganguzi
Jumatano, 16 Oktoba 2024
Asubuhi: jua kali tangu saa moja. Kahawa imeanikwa yote.

Wilbert,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba. Mwambie baba yako namsalimu, na usimtumie kama ngao. Kaka yangu Buberwa namjua kabla yako.

Sifa haimuumizi mtu, unasema. Imeniumiza mimi. Hiyo ni ya kumi na nane, iongeze kwenye hesabu.

Mhakiki asionekane! Sasa nani alikaa kwenye benchi lile saa mbili mgongo ukamuuma? Nani alisikia ukumbi unanung'unika? Filamu haikuingia machoni mwa jarida lako, iliingia machoni mwangu. Kama huyataki macho yangu, usiweke picha yangu. Unataka kunywa kahawa isiyo na harufu? Chemsha maji unywe, utakuwa umepata unachotaka.

Watu wa Buganguzi hawanunui jarida lako wajue kama "waigizaji wameuvaa uhusika". Hayo wanayasikia redioni kila filamu inapotoka, ya vita, ya mapenzi, ya majini, zote zinavaliwa uhusika ule ule. Wananinunua mimi ili wabishane nami. Mwezi wa tano nilipoiponda ile ya mchungaji na mapacha, wanawake wa kwaya walinisubiri nje ya ghala la chama cha kahawa, ninakofanya kazi, wakanisema nusu saa. Nilirudi nyumbani nikiimba. Walikuwa wamesoma kila mstari!

Kuhusu Esther na kaka yake, ungeniambia mapema. Ningesema nini? Ningesema yale yale, halafu ningeenda Rubafu nikamsalimu mama yake kwa magoti yote mawili, pamoja na hili bovu.

Toleo la Novemba bado hujalichapisha. Mimi sikusubiri. Leo saa nne nimenakili kurasa zote nne kwa mkono, herufi kubwa, nikazibandika kwenye ukuta wa banda la Kashaija, juu yake nimeandika: HAYA NDIYO NILIYOSEMA. Kashaija kanipa gundi mwenyewe.

Shangazi


Miembeni
21 Oktoba 2024

Shikamoo Shangazi. Natumaini umeamka salama.

Nakuomba kwa heshima zote uzitoe zile karatasi ukutani. Mtu kazipiga picha, zimefika hadi kwa Esther. Ameniuliza kama nina habari nazo, nikasema nitafuatilia. Datius hajasema kitu, na hilo ndilo linaloniogopesha. Zitoe, waitu, nakusihi, tutazungumza baada ya Rubafu.

Wilbert


Buganguzi
Jumatatu, 11 Novemba 2024
Asubuhi: mawingu mazito, upepo wa ziwani. Senene wanaanguka tangu juzi usiku, wengi.

Mwanangu Wilbert,

Habari za siku nyingi? Sikukujibu kwa wiki tatu kwa sababu barua yako haikuwa na swali. Karatasi sikuzitoa. Mvua ilizichukua mbili, nikaziandika upya.

Sasa kaa chini nikuambie aliyekuja kwangu jana.

Nilikuwa uani nanyonyoa senene, beseni mbili zimejaa, nasikia pikipiki. Kijana mrefu, miwani, viatu vya mjini vimejaa tope. Akasema, "Shikamoo mama. Natafuta aliyeandika kwenye ukuta wa banda la video."

Nikasema, "Umemwona. Wewe nani?"

"Datius Mushumbusi."

Nililikumbuka lile jembe, sikufichi. Lakini mgeni ni mgeni. Nikamletea kahawa ya kutafuna, nikamwonyesha kigoda, nikamsogezea beseni. "Nyonyoa," nikamwambia. "Utanigombeza mikono ikiwa na kazi."

Hakuweza, Wilbert! Alikuwa anang'oa na vichwa. Nikamwambia mbawa na miguu tu, kichwa kiache. Akajaribu tena. Halafu akasema, "Mama, lile jembe..."

"Ndiyo, lile jembe."

"Yule mzee hakuwa mwigizaji. Tulikuwa tunapiga picha, yeye akawa anapalilia shamba lake nyuma kule. Sikumwona mpaka nilipokaa kwenye kompyuta kuunganisha. Nikadhani hakuna atakayemwona."

"Ukumbi mzima ulimwona."

"Nimeambiwa." Akanyonyoa wawili watatu. "Nilikulia Mwanza kwa mjomba. Sikujua kama ni kosa kubwa hivyo. Nilidhani ni mzee tu yuko shambani."

Nilijiandaa anitukane. Badala yake akaniuliza, "Ni kweli mama yako alikuwa anamenya?"

Nikasema ni kweli.

Akaweka senene chini. "Kila mtu aliniambia nitoe sehemu ile. Mpiga picha wangu, mwigizaji mwenyewe, hata Esther. Mama mmoja tu Rubafu ndiye aliyenisimulia, tena kwa kunong'ona, kwamba naye alimenya. Nikagoma kuitoa. Tangu Agosti filamu imeonyeshwa mahali kumi na moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyezizungumzia dakika zile. Nikasema labda ni kweli, sijui kazi. Halafu shemeji mtarajiwa ananiandika kwenye jarida lake, nafungua kwa hamu, nakuta 'picha ni angavu'."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mama, nusu ya filamu iko gizani. Nililipigania giza lile. Sauti safi? Siku ya tatu nimeikata sauti yote, dakika saba hakuna sauti. Huyu Wilbert aliangalia filamu gani?"

Nilikaa na swali hilo mikononi pamoja na senene. Nikakumbuka kila ulichoniandikia, barua ile ndefu na ile fupi. Hakuna mahali hata pamoja uliposema wewe uliona nini. Unasema jembe, unasema maharage, ambayo umeyapata kwangu. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya Mungu: hukuiangalia?

Hukuiangalia. Umeandika kwa jina langu sifa za filamu ambayo hujaiona, ya kaka wa msichana unayetaka kumuoa! Nilidhani umenitoa mimi tu kwenye ukurasa ule. Kumbe umemtoa na Datius. Aliyokuwa anastahili kusifiwa umeyafuta, ukampa yale anayopewa kila mtu. Na wewe ulikuwa unamwogopa kwa ajili ya jembe!

Sikumjibu Datius swali lake. Nimekulinda kwa sababu u mtoto wa kaka yangu, na nimejichukia usiku kucha kwa kukulinda. Nimemfungia senene wa kukaanga ampelekee mama yake.

Shangazi yako


Miembeni
14 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Ni kweli. Sikuiangalia. Siku ya uzinduzi nilikuwa kiwanda cha uchapaji kwa ajili ya karatasi, baadaye nikaona aibu kumwomba Esther nakala, maana alishadhani nimeiona. Nilifungua tahakiki za filamu nyingine kwenye mtandao nikachukua maneno yanayofaa filamu yoyote.

Nimeandaa tangazo la toleo la Novemba, ambalo umeme umelichelewesha. Naomba ulipitie: "Uongozi wa jarida unapenda kuwataarifu wasomaji kuwa kulitokea hitilafu ya kiuhariri katika ukurasa wa saba wa toleo lililopita. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Nadhani hili litamaliza jambo.

Mwanao,
Wilbert


Buganguzi
Jumamosi, 16 Novemba 2024
Asubuhi: mvua tangu saa kumi na moja. Mto umejaa.

Wilbert,

U hali gani. Mimi si mzima, nina hasira mpaka kwenye meno.

Uongozi ni nani? Jarida lote ni wewe na ile meza. "Kulitokea hitilafu." Ilitokea wapi, ilipanda kutoka ziwani? "Usumbufu uliojitokeza." Haukujitokeza! Uliuleta wewe, kwa vidole vyako, na una jina la Kikristo na la ukoo. Hata kuomba radhi umeazima maneno yanayofaa kosa lolote.

Sitaki tangazo. Sikiliza ninachotaka. Nenda kwa Esther umwambie ulichoniambia. Uangalie filamu ile mpaka mwisho. Kisha uandike ukurasa mmoja, kwa mkono, uliyoyaona wewe, hata kama ni mabaya. Uchapishe pamoja na wangu, na jina lako chini yake. Usipofanya, tarehe 30 nitakuwa hapa Buganguzi nanyonyoa senene, na baba yako atafute dada mwingine wa kuingia ndani kwa kina mama.

Shangazi


Rubafu
20 Novemba 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mto umepungua. Naandika kwa kalamu, samahani kwa mwandiko.

Nimemwambia Esther. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe siku ile nilipokuuliza mwisho wake, ukasema umekugusa sana." Jana kanileta kwao, kaweka kompyuta mezani, kakaa pembeni yangu mikono kifuani, tukaangalia.

Nimeandika ukurasa. Umo ndani ya bahasha. Nimesema kwamba jembe sikuliona kabisa, Esther ndiye aliyenigusa bega, nami ni Mhaya wa kuzaliwa, nimeona aibu. Nimesema yule kaka wa marehemu anapokunja suruali kabla ya kuingia kibanjani, shamba la nyumbani kwa marehemu, huku anahesabu migomba kwa macho, nilimwona Baba siku ya msiba wa babu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua anachofanya: anapima urithi. Hilo nimeliacha limo. Baba atanipigia simu.

Na nimesema kwamba dakika nne za jikoni ni ndefu mno. Samahani Shangazi. Baada ya dakika mbili nilikuwa nimeshaelewa, nikaanza kuangalia kenchi za paa la jiko lile. Nimefikiri nilifute, halafu nikaogopa ungejua.

Nilimwonyesha Esther kabla sijafunga bahasha. Nikamuuliza kama kaka yake atakasirika. Akasema, "Atakasirika. Kama hataki kusemwa asitengeneze." Kuhusu tarehe 30 hajasema ndiyo wala hapana. Kasema anasubiri kuona kama nitachapisha kweli.

Kesho naingia kiwandani.

Mwanao,
Wilbert


Buganguzi
Jumanne, 26 Novemba 2024
Asubuhi: mbingu safi, umande mzito, ziwa linaonekana mpaka visiwani.

Mwanangu Wilbert,

Habari za kazi, na habari za Esther? Ameniandikia ujumbe jana, wa maneno matatu: "Shangazi, tunawasubiri." Huo ni ujumbe wake kwangu, wako atakupa mwenyewe.

Yunus kaleta jarida. Nilikaa na shajara yangu kushoto na ukurasa wa nane kulia, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuna kilichopungua. Mama yangu yumo, kisu chake kimo. Kashaija kaja mwenyewe na gazeti lake, kasoma wima mlangoni, kisha akasema, "Mtoto wa kaka yako ana mdomo." Ma Immakulata anasema bado mfiwa hashiki kisu na kwamba mama yangu alikosea. Tumegombana tangu saa nne mpaka mchana.

Kisha nikasoma ukurasa wa tisa, wako.

Dakika mbili, Wilbert? Dakika mbili! Unataka akate kwa nusu kitu pekee kwenye filamu ile ambacho hakuna mtu mwingine angethubutu kukifanya? Dakika ya kwanza unamwangalia mwanamke. Ya pili unaangalia ndizi. Ya tatu unachoka, kwa sababu na yeye amechoka, na macho yako yanatafuta pa kwenda. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba ulianza kuangalia kenchi. Na kwenye kenchi kulikuwa na nini? Kulikuwa na koti la marehemu, limetundikwa, linapigwa na moshi wa jiko! Unadhani lilijiweka? Ulilitazama dakika mbili nzima, ukamlaumu Datius kwa kukupa nafasi ya kulitazama! Sijawahi kusoma upuuzi wa namna hiyo ukiwa umeandikwa vizuri hivyo.

Nitafika Miembeni Ijumaa jioni. Nguo yangu ya kuingilia kwa kina mama imeshanyooshwa. Baba yako kanipigia simu anafoka kuhusu suruali, nikamwambia asubiri zamu yake, mimi nakuja kwanza. Na njia nzima ya Rubafu Jumamosi utakaa karibu nami, unieleze vizuri hizo dakika mbili zako, maana hujanieleza.

Ni mimi,
Shangazi yako Alistidia

Nyongeza, Jumatano alfajiri kabla ya kumpa Yunus bahasha: niliizima taa saa tatu, nikaiwasha mara mbili kuongeza hoja, nikazifuta zote nikuambie ana kwa ana. Usingizi ulinichukua saa saba na dakika kumi.